Kikao cha Msibani

Niseme mapema ili mtu asinisubirie machozi: sikulia. Prudence alianguka Jumatatu saa nne asubuhi, pasi ya mkaa mkononi, mimi nikiwa naye mashine kwa mashine pale sokoni Mwigobero, Musoma. Tukampakia kwenye bajaji, na kabla hatujafika hospitali akawa ameshaondoka. Sikulia. Jumatano tukamzika kwa wakwe zake, Butiama. Watu walilia mpaka sauti zikakauka, mimi nikawa nahesabu viti vya plastiki. Vilikuwa mia moja na kumi na mbili, vyekundu vichache. Kama kuna mtu alisema pembeni kwamba Rhobi ana roho ya jiwe, hakukosea sana. Nilikuwa nimekufa ganzi kuanzia kooni kwenda chini, unanigusa mkono nauona unaguswa, lakini sisikii kitu.

Sisi ni kikundi cha wanawake watano, tunaitwa Tujaribu, tunashona. Sare za shule, mapazia, mifuko ya kubebea dagaa, chochote chenye sindano. Prudence alikuwa mwenyekiti, mimi katibu, Hana anashika hela, Boke na Matiko wanachama. Na habari ya kuiuzia manispaa aliileta yeye Prudence, wala tusimpokonye. Alitoka semina siku moja amebeba karatasi kifuani, anasema, "Nyie, serikali inanunuaga vitu! Na kuna fungu wametutengea sisi wanawake, na vijana, na wazee, na wenye ulemavu. Limekaa tu pale, linasubiri watu wa kulichukua."

Matiko akamwambia, "Fungu likae tu lisubiri watu, Tanzania hii?" Tukacheka mpaka mashine zikasimama.

Kumuuzia mtu tulikuwa tunajua. Unamwita, unamwekea kitambaa begani, unamwambia dada imekukaa hiyo. Sasa manispaa ina bega? Haina. Mara ya kwanza tulikwenda ofisini kama tunavyokwendaga kwa watu tunaotaka kuwaomba jambo, yaani siyo mikono mitupu. Prudence alibeba sato watatu wamefungwa kwenye ukambaa, mimi nikabeba jogoo. Ofisa wa manunuzi, kijana mmoja mpole anaitwa Leodgar, alivyotuona akasimama akafunga mlango haraka, halafu akaona kufunga ndio vibaya zaidi, akaufungua tena wote.

"Mama zangu, mnataka nifungwe?"

"Ufungwe kwa sato?" Prudence akashangaa kweli kweli. "Baba, sisi ni wageni. Mgeni anakuja na kitu."

"Hiki kitu hapa kinaitwa rushwa, mama."

"Na huyu jogoo?"

"Huyo pia."

Jogoo akawika palepale koridoni, watu wakatoa vichwa milangoni. Nilitamani ardhi inimeze. Lakini Leodgar akatukalisha, jogoo kwapani kwangu, akatueleza yote pole pole. Kikundi kisajiliwe, tuwe na TIN, na leseni, na akaunti ya benki. Baada ya hapo, tenda zote zinatangazwa kwenye mfumo wa kompyuta, unaombea humo, unapewa humo, unakubali humo. "Mfumo hauli kuku," akasema. Prudence akaliandika hilo kwenye daftari, mtu wa ajabu yule.

Ikatuchukua miaka miwili. Tenda ya kwanza tuliikosa kwa sababu bei tuliyoandika ni ya kushona tu, tukasahau kwamba mzigo unapelekwa mpaka mlangoni kwao. Ya pili tulichelewa. Ya tatu ilikuwa ya vizibao vya wafagiaji wa mji, mia nne, rangi ya machungwa na ule utepe unaong'aa ukimulikwa. Prudence alishona sampuli mara sita. Akaivaa akazunguka nayo soko lote la Mwigobero, wavuvi wakamwita askari wa barabarani, yeye akawapigia saluti.

Kosa letu lilikuwa dogo na lilikuwa la kwetu. Siku ya kufungua akaunti kwenye mfumo, ikatakiwa namba moja ya simu, namba ambayo haitabadilika. Boke laini anabadilisha kama kanga. Hana na mume wake wanatumia simu moja, akishika huyu mwenzake hapatikani. Mimi simu zangu huwa zinaangukia kwenye ndoo. Tukaweka ya Prudence. Ya kwake tu, na msimamizi yeye tu, peke yake. Nani angefikiri?

Alhamisi, siku moja baada ya mazishi, nilirudi Musoma kurudisha masufuria tuliyoazima kanisani kwetu. Nikapita manispaa. Sijui nilifuata nini, miguu ilikwenda tu. Kwenye ubao wa matangazo nikaona Tujaribu. Limeandikwa kwa herufi kubwa, chini yake vizibao mia nne, na tarehe ya Jumanne. Nikalisoma mara tatu. Nilitegemea nifurahi, au niumie, lolote, lakini halikuja hata moja.

Dada wa mapokezi akaniambia, "Hongereni. Ila mnatakiwa mkubali kwenye mfumo, mwisho kesho saa kumi jioni. Msipokubali inakwenda kwa aliyekuwa wa pili. Mwambie mwenyekiti wenu aingie leo leo."

Nikasema sawa, nitamwambia. Ndivyo nilivyosema, nitamwambia.

Nikaenda steshenari moja ya pale Mwigobero yenye kompyuta. Neno la siri nilikuwa nalo daftarini. Nikaliingiza, mfumo ukaandika kwamba namba ya uthibitisho imetumwa kwenye simu inayoishia arobaini na saba. Arobaini na saba iko Butiama, ilikopelekwa pamoja na vitu vyake vyote, imezimwa, ndani ya chumba cha marehemu. Nikakaa pale naangalia kile kimshale kinavyowakawaka mpaka mwenye steshenari akauliza kama nimemaliza.

Sasa nisikilize vizuri. Sikuwa nataka kitu kingine chochote wiki ile. Chakula nilikuwa natafuna kwa sababu watu wananiangalia. Lakini ile tenda niliitaka. Miaka miwili Prudence alikwenda na kurudi kwenye ofisi zile, akachekwa, akarudi tena, na imejibu siku moja baada ya yeye kufa. Ikienda kwa wa pili itakuwa kama hakuwahi kufanya kitu. Hapana, hilo nilikataa.

Ijumaa asubuhi nikawa Butiama. Hana na Matiko walikuwa hawajaondoka msibani, Boke peke yake ndiye aliyerudi kwake Bunda, Kabasa, kumwangalia mtoto. Nikamfuata mume wa marehemu, Masatu. Alikuwa amekaa kwenye kiti anaangalia viatu vyake.

"Shemeji, naomba simu ya Prudence kidogo."

"Muulize kaka," akasema. Tangu Jumatatu kila kitu alikuwa anasema muulize kaka, hata ukimuuliza kama atakunywa chai.

Kaka ndiye Nyamhanga, mkubwa wa ukoo, mwenye kofia ya pama. Nikamweleza kwa adabu zote nilizonazo, na sina nyingi.

"Vitu vya marehemu havitoki nje ya mlango mpaka siku ya kugawa," akasema. "Siku ya kugawa ni Jumapili, tukivunja matanga. Hata sindano haitoki. Ndivyo tulivyokuta."

"Kaka, Jumapili tenda itakuwa imeshakufa. Inakufa leo saa kumi."

"Mtu amekufa, wewe unaniambia tenda inakufa."

Hapo nilitaka nimrushie kikombe cha chai na sahani yake. Nikamwambia, "Wewe unamjua huyo mtu kwa miaka mingapi? Unamjua siku za sikukuu tu, akikuletea kitoweo! Mimi nimekaa naye kila siku ya Mungu miaka tisa!" Sauti ilitoka kubwa, waombolezaji wakageuka. Ajabu ni kwamba hata hasira yenyewe sikuisikia, mdomo ulikuwa unafanya kazi wenyewe.

Mama mkwe wa Prudence alikuwa kwenye mkeka karibu na mlango, bibi mwembamba, kanga imefungwa kichwani. Akasema bila kunyanyua uso, "Havitoki. Nyamhanga amesema kweli."

"Umesikia?" Nyamhanga akasema.

"Havitoki," bibi akarudia. "Nani alisema mtu haingii?"

"Mama, haijawahi kutokea mtu akaingia."

"Haijawahi kutokea kwa sababu hajawahi kufa mtu mwenye simu ya tenda. Mfungulie. Aingie mikono mitupu, atoke mikono mitupu, na wewe usimame mlangoni umwangalie kama ni mwizi."

Nikaingia. Kitanda kimetandikwa. Futi yake ya kupimia imening'inia msumarini, na gauni la kitenge ambalo nilimshonea mimi, kola imepinda kidogo, alikataa nisiirekebishe ati ndio atakumbuka kwamba siku hiyo tulikuwa tunagombana. Nikaviangalia vyote. Nikasema moyoni, sasa hapa ndio nitalia, nikasubiri, ikawa hakuna. Nikaketi ukingoni mwa kitanda, nikachukua simu, kitochi cha vibonyezo. Powabenki nilikuwa nimeivalisha kiunoni chini ya kanga, nikaichomeka. Nyamhanga akaiona, akageuza uso pembeni.

Mpango wetu ulikuwa huu: Hana asimame nje dirishani na simu kubwa aliyoazima, aingie kwenye mfumo, mimi ndani nimsomee namba. Simu ya marehemu haitoki, inayotoka ni sauti.

Kitochi kikawaka. Meseji zikaingia mfululizo, za pole, za mtandao, za mteja wa Bweri anauliza sketi za wanawe zimeisha. Halafu ikaja namba ya uthibitisho. "Hana," nikasema, "andika. Tisa, sifuri, nne..." Nikamaliza zote sita.

"Imefungua!" Hana akasema dirishani. "Rhobi, ipo hapa, imeandikwa Kubali. Nibonyeze?"

Simu ikaita mkononi mwangu. Leodgar.

"Mama Prudence!"

"Ee," nikasema.

Nilisema ee, sikatai. Nilijifanya yeye. Ilikuwa rahisi kuliko kitu kingine chochote.

"Aisee, tangu Jumanne nakutafuta, simu imezimwa! Nikasema huyu mama ametupa tenda yake? Sasa hivi naona mmeingia. Bonyezeni hapo kwenye kukubali, basi, imeisha. Mmeshinda, mama!"

"Ee. Asante."

"Sauti imekauka. U mzima lakini?"

Watu wanakuuliza hivyo mara ishirini kwa siku, na unajibu mzima bila kufikiri. Nikafungua mdomo nimjibu. Neno likakataa. Mzima. Nikajaribu tena, likakataa tena, limekwama pale pale ganzi inapoanzia.

"Huyu siye Prudence," nikasema. "Mimi ni Rhobi, katibu, yule wa jogoo. Prudence amefariki Jumatatu."

Nikasikia feni ya ofisini kwake inazunguka.

"Mmeshabonyeza?"

"Bado."

"Msibonyeze. Rhobi, mama yangu, pole sana, lakini msibonyeze. Mkikubali kwa jina la mtu aliyefariki, mkataba hauna maana, na nyinyi mtaingia matatani."

"Hana!" nikapiga kelele. "Toa kidole!"

Leodgar akatueleza, na sauti yake ikawa ya mtu anayetembea kwenye chumba chenye mgonjwa. Kikundi kikae kikao. Wanachama wote waliobaki, siyo nusu, maana katiba yetu ndivyo inavyosema. Wamteue msimamizi mpya. Muhtasari uandikwe kwa mkono, usiwe na kufutafuta, wote wasaini, upigwe picha utumwe. Yeye atautembeza mkononi mpaka kwa ofisa maendeleo ya jamii, mlango wa tatu, jina libadilishwe. Nakala yenyewe tupeleke Jumatatu. "Ikinifikia kabla ya saa kumi, tenda ni yenu. Ikipita, sina uwezo, mama. Kweli sina."

Nikazima simu ya Prudence, nikaiweka pale pale nilipoikuta, nikatoka na mikono yangu mitupu. Ilikuwa saa tano na nusu. Nikampigia Boke kule Kabasa kwa simu yangu, nikamwambia apande chochote chenye matairi. Akaja na bodaboda, mtoto mgongoni, vumbi mpaka kwenye kope. Saa nane na dakika arobaini. Nyamhanga, ambaye hakuna aliyemwomba kitu, alibeba meza kutoka ndani kwake akaja kuiweka chini ya turubai. "Andikieni mezani," akasema, "siyo kwenye mapaja." Waombolezaji wakasogeza viti kutupa nafasi, halafu wakasogea tena kutusikiliza.

Katibu ni mimi. Nikachukua karatasi ya mstari, nikaandika kichwa cha habari, Kikao cha Dharura, tarehe, mahali Butiama. Chini yake nikaandika Waliohudhuria, namba moja, Prudence Masatu, Mwenyekiti.

Hana akanishika mkono.

Miaka tisa nimeandika mihutasari, na kila mmoja unaanza hivyo. Mkono haukuwa na taarifa. Nikaichana karatasi, nikaikunja ndogo nikaiweka kifuani, nikaanza nyingine. Namba moja, Rhobi, Katibu. Namba mbili Hana, tatu Boke, nne Matiko. Nikapiga mstari, nikaandika kichwa kinachofuata, Wasiohudhuria. Hapo kuna sehemu mbili, kila mtu aliyekaa kwenye kikundi anazijua: kwa taarifa, na bila taarifa.

"Muache," Matiko akasema. "Marehemu haandikwi."

"Asipoandikwa ofisi itauliza mwenyekiti yuko wapi," Boke akasema. "Mwandike kwa taarifa. Kifo si ni taarifa?"

"Kifo siyo taarifa, kifo ni kifo."

"Nyie, saa tisa na robo," Hana akasema.

Nikaandika nilichokuwa nakijua. Kisha ajenda: kifo cha mwenyekiti, kumteua msimamizi mpya, mengineyo. Mengineyo hayakuwepo. Wakaniteua mimi kwa kunyoosha mikono, hata bibi kwenye mkeka akanyoosha wa kwake, tukamwambia bibi wewe siyo mwanachama, akasema najua. Tukasaini. Hana akapiga picha mara nne mpaka ikatoka isiyo na kivuli, akaituma. Saa tisa na dakika thelathini na sita.

Tukakaa. Tukaiangalia simu yangu mezani. Saa kumi kasoro dakika nane ikaingia meseji kwenye simu yangu, namba ya uthibitisho, kwa jina langu mimi. Nikamsomea Hana. Nikabonyeza mwenyewe. Pakaandikwa tuzo imekubaliwa. Matiko akaanza kupiga kigelegele, akakumbuka tuko wapi, akakibana mdomoni kwa kiganja.

Vizibao mia nne vilikuwa vyetu. Nikajiuliza kama nimefurahi. Nikajiangalia ndani, bado kimya.

Leodgar akapiga. "Imepita, mama Rhobi. Hongereni na poleni, sijui nianze na ipi. Kuna kitu kimoja kidogo tu, kwa ajili ya faili. Mtakapoleta nakala Jumatatu mnaweza kurekebisha. Hapa kwa wasiohudhuria, mwenyekiti marehemu umemweka bila taarifa. Kwa kawaida mtu aliyefariki tunaandika..."

"Taarifa gani?" nikasema.

"Mama?"

"Nakuuliza taarifa gani! Alimpa nani taarifa? Mimi nilikuwa nimekaa naye hapa, hapa, nikinyoosha mkono namfikia! Ameniambia nini? Aliniambia Rhobi nipe mkasi! Nikampa mkasi! Hiyo ndiyo taarifa? Miaka tisa, hajawahi kuchelewa hata siku moja, mvua inanyesha yupo, mtoto mgonjwa yupo, leo anaondoka hata hajaniaga, halafu wewe unaniambia niandike kwa taarifa! Siandiki! Siandiki, Leodgar, hakuniambia!"

Na kikatoka. Kilitoka tumboni, sauti ambayo sikuijua kuwa ni yangu, nikaanguka juu ya ile meza ya Nyamhanga na kichwa changu na mikono yangu. Boke akanidaka, naye akaanza, Hana akaanza, msiba wote ukasimama upya kana kwamba jeneza limefika sasa hivi. Mama mkwe wa Prudence alikuja akakaa miguuni pangu, akaweka mkono wake kwenye unyayo wangu akauacha hapo.

Nililia muda mrefu. Simu ilikuwa mezani karibu na sikio langu, na kijana wa watu hakuwa ameikata. Nilipopumua nikamsikia.

"Basi, mama," akasema. "Tutaiacha hivyo hivyo."